Taa za Mchana na Ndiyo Zangu Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Nimeshinda! Mchumba amekubali kuolewa na mimi. Amekubali akiwa kazini, hospitalini, kwenye chumba cha kupimia macho, huku mgonjwa akisubiri kusoma herufi za ukutani. Mgonjwa akatupongeza. Kisha akasoma herufi zote vibaya.

Limebaki jambo dogo tu. Jumamosi kuna kikao kwa baba yake mdogo, cha kupanga tarehe ya harusi. Wenye kauli ni wawili: baba yake na shangazi yake. Mmoja akikataa, hakuna harusi. Nimemwambia Mchumba alale usingizi. Kupendwa na watu ni kipaji changu. Mimi ni mwalimu wa udereva. Hata wanafunzi walioingiza gari langu mtaroni wananisalimia hadi leo.

Jioni nimekwenda kwa baba yake. Askari mstaafu wa usalama barabarani. Mtaa mzima humwita Mzee Filimbi, na filimbi yenyewe bado iko mfukoni. Akaanza moja kwa moja. Eti siku hizi kuna watu wanaendesha mchana kweupe na taa zimewashwa. Jua lote hili! Wanamulika nini? Akaniuliza naonaje. Nikasema ndiyo, Mzee, huo ni wendawazimu mtupu. Akanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Mmoja tayari!

Jumanne, 5 Machi

Kwa Shangazi. Ni dada mkubwa wa Mzee Filimbi, mwalimu mkuu mstaafu, na bado anakutazama kana kwamba hujafanya kazi ya nyumbani. Akaniambia jinsi gari la kijivu lilivyotaka kumwua. Gari la kijivu, lami ya kijivu, siku ya mawingu. Hakuliona mpaka lilipomkwangua kikapu. Tangu siku hiyo anasema kila gari liwashe taa, mchana na usiku, liwe la waziri au la muuza mkaa. Akaniuliza naonaje. Nikasema ndiyo, Shangazi, hilo ni suala la uhai. Akanikatia kipande cha pili cha keki.

Wawili! Nimetoka pale nikipiga mluzi.

Mchumba amepiga simu baadaye. Kumbe baba yake na Shangazi hawasemezani tangu mwaka jana. Sababu? Taa za mchana! Akauliza mimi nimesema nini. Nikamwambia nimesema vizuri. Akauliza mimi mwenyewe naonaje, ziwake au zisiwake. Nikasema mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Kisha akaongeza jambo. Wote wawili wameamua kwenda kikaoni kwa gari langu. Na kila mmoja ameapa kulikagua mbele kabla hajapanda.

Gari langu ni la kijivu.

Jumatano, 6 Machi

Nimekaa na wazo usiku kucha, na asubuhi limeiva. Swichi ya siri! Chini ya kiti changu, naigusa kwa kisigino. Nafika kwa Shangazi taa zinawaka. Nafika kwa Mzee zimezimwa. Mikono yangu iko kwenye usukani muda wote, nami mweupe kama pamba, sina kosa.

Nimekwenda kwa fundi umeme wa magari, yule tunayemwita Waya. Akauliza swichi ya nini wakati gari lina swichi. Nikamwambia ni mambo ya kifamilia. Akasema ndoa yake nayo ilianza hivyohivyo. Kisha akalala chini ya kiti changu, akaimba nyimbo mbili, akatoka. Kazi imekwisha. Kile kitaa cha kijani kwenye dashibodi, kinachosema taa zimewaka, nimekibandika plasta ya kidonda. Mzee ana macho ya mwewe.

Alhamisi, 7 Machi

Majaribio. Kisigino: zinawaka! Kisigino: zinazimika! Nimerudia mpaka mwanafunzi wangu, mama mmoja mwenye duka la vitambaa, akauliza kama mguu wangu unauma.

Katikati ya somo akaniuliza kama mchana dereva anapaswa kuwasha taa. Nikamjibu kwamba inategemea anayeuliza ni nani. Akaandika jibu hilo kwenye daftari. Akiandika hivyo kwenye mtihani, nimekwisha.

Kisha nikaenda kula nikajisifu sana. Nilipojisifu vya kutosha nikarudi kumalizia somo. Gari kimya. Taa zilikuwa zimewaka muda wote, betri imekufa kabisa. Mama wa vitambaa akashuka, akavua viatu, akasukuma. Ana nguvu! Alilisukuma mpaka likawaka na likampita. Ameniambia kwamba alilipia masomo ya kuendesha, siyo ya kusukuma. Ana haki. Nimemwambia ndiyo.

Jumamosi, 9 Machi

 Nitaeleza kwa utaratibu.

Kwa Shangazi, taa zinawaka. Akasimama mbele ya gari, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akapanda nyuma. Njiani, kisigino. Kwa Mzee, taa zimezimwa. Mzee akainama, akachungulia taa ya kushoto, akachungulia ya kulia, akazigonga kwa kucha, akapanda mbele. Mchumba akakaa nyuma na Shangazi. Suti yangu ilikuwa imepigwa pasi. Moyo wangu ulikuwa unaimba.

Niliporudi kuketi, kisigino kikagusa swichi. Sikujua.

Ndani ya gari, ndugu hao wawili waliongea kupitia kwangu. Mzee akasema nimwambie dada yake afunge dirisha. Dada yake yuko nyuma yake, anamsikia vizuri, lakini akasubiri mpaka nikamwambia. Kisha akasema nimwambie mdogo wake kwamba dirisha ni lake. Nikamwambia. Tukaenda hivyo. Shangazi akisema kwa amri, mimi nafikisha kwa upole. Mzee akiguna, mimi natafsiri kuwa anashukuru.

Hapo ndipo lori la kwanza lilipotujia. Dereva akatoa mkono, akafumba na kufumbua vidole. Kila dereva anajua ishara ile: taa zako zinawaka, ndugu.  Nikabonyeza kisigino. Hakuna kitu. Nikabonyeza tena. Swichi imekwama!

Basi likaja, dereva akafumba na kufumbua. Pikipiki ikaja, hivyohivyo. Mzee akauliza hawa watu wana nini. Nikasema wanamsalimu. Nikasema nani asiyemjua Mzee Filimbi barabara hii?  Mzee akajinyoosha, akateremsha kioo, akaanza kuwajibu. Kila gari lililofumba vidole, Mzee akafumba vyake. Akawa anatabasamu kama bwana harusi. Kwenye kioo nikamwona Mchumba. Macho yake yalikuwa kwenye ile plasta.

Tukafika njia panda. Msafara wa harusi ulikuwa unapita, magari yamefungwa riboni, taa zote zinawaka, honi juu. Magari mawili ya mbele yakavuka, mengine yakazuiwa. Askari wa njia panda akatugeukia. Akaona gari lenye taa mchana. Akasimamisha dunia nzima akatupungia tupite! Mzee akapiga saluti. Askari naye akapiga saluti. Mzee akaniambia kwamba hakujua kama bado wanamkumbuka. Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba ni uongo wangu.

Na msafara wote ukaja nyuma yetu.

Nikakata kulia, wakakata kulia. Nikaongeza mwendo, wakaongeza. Nikapunguza ili wanipite, wakapunguza kwa heshima. Shangazi akageuka nyuma akasema nimwambie mdogo wake kwamba tunafuatwa na harusi. Mzee akasema nimwambie dada yake kwamba watu wakikuheshimu wanakusindikiza. Mchumba alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio, mabega yanatikisika.

Baba mdogo alikuwa amepanga viti vichache uani, na meza moja ya soda. Tukaingia. Wakaingia. Magari yakajaa uani, mengine yakapanda bustani. Bi harusi akashuka na shela lake refu! Tarumbeta zikalia! Mpiga picha akaanza kumpiga picha Shangazi, akimwambia mama wa bwana harusi acheke kidogo. Baba mdogo akanivuta kando, jasho linamtoka, akaniuliza kwa nini sikumwambia kwamba harusi ni leo, na yule bi harusi ni nani, na Mchumba anajua?

Bwana harusi akauliza ukumbi uko wapi. Dereva wake akasema yeye aliambiwa afuate gari la mbele lililowasha taa. Akanyoosha kidole.

 Mzee akazunguka mbele ya gari. Zilikuwa zinawaka, zote mbili, nzuri sana.

Shangazi akapiga makofi. Akasema nimwambie mdogo wake kwamba ushahidi ndio huo, gari lenye taa linaonekana! Mzee akasema nimwambie dada yake kwamba ushahidi ndio huo, taa za mchana zinapoteza watu njia! Nikawa nageuka huku na huku kama feni. Shangazi akasema nimwambie kwamba hata mimi niko upande wake, nilimwapia Jumanne. Mzee akasema nimwambie kwamba mimi niko upande wake yeye, tangu Jumatatu.

Wakaacha kunitazama mimi. Wakatazamana. Mzee akasema, "Dada, alikuambia hivyo?" Shangazi akasema, "Hivyohivyo, mdogo wangu. Na keki akala." Ndiyo maneno yao ya kwanza tangu mwaka jana. Nilitaka kuwapongeza. Haikuwa saa yake.

Mchumba akaja mbele yangu. Hakuwa anacheka tena. Akaniuliza mbele ya wote, pamoja na bi harusi wa watu, mimi mwenyewe naonaje: ziwake au zisiwake? Nikamtazama Mzee. Nikamtazama Shangazi. Nikafungua mdomo.

Nikasema, "Ndiyo."

Kikao kimevunjika. Tarehe haikupangwa. Mchumba amerudi nyumbani na magari ya harusi ile nyingine.

Jumapili, 10 Machi

Hajapokea simu. Nimemtumia ujumbe wa pole, hajajibu. Bila yeye mimi ni suti tu iliyopigwa pasi. Nampenda. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Nimechukua kiti nikakaa kando ya barabara kuu, penye miti. Nimetazama magari yakija, asubuhi hadi chakula cha mchana. Sikuwa na hila yoyote, nilitaka kuona tu. Jeupe linaonekana mbali. Jekundu vilevile. La kijivu likiingia kivulini linapotea kabisa, halafu linatokea liko puani. Lakini la kijivu lenye taa nililiona tangu kule bondeni.

Basi. Ninayo rai! Ya kwangu mwenyewe! Nimezunguka nyumba nikiisema kwa sauti.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekwenda kwa Mzee Filimbi.  Nikamwambia kwamba nilimdanganya, kwamba barabarani hawakuwa wanamsalimu, na kwamba taa ziwake mchana, hasa kwa magari kama langu. Nikafumba macho.

 Akaniuliza, na yule askari wa njia panda? Nikasema naye alidhani ni msafara. Akasema lakini saluti alipiga. Nikasema saluti alipiga kweli. Akasema hiyo basi atabaki nayo.

Akasema rai yangu ni upuuzi, ila ni afadhali mkwe mwenye upuuzi wake kuliko mkwe asiye na chake. Ameniita mkwe! Shangazi akatokea jikoni. Kumbe yuko pale tangu Jumapili. Wamegombana siku nzima, uso kwa uso, na wote wawili wananawiri. Mzee akapuliza filimbi kumnyamazisha. Shangazi akamnyang'anya.

Jumanne, 12 Machi

Tarehe imepangwa! Ni mwezi wa sita! Mchumba amekuja mwenyewe hadi kwenye gari la mafunzo, akamwomba mama wa vitambaa atupishe kidogo. Akasema alinikasirikia, lakini kila akimkumbuka baba mdogo na yule bi harusi anacheka mpaka wagonjwa wanaogopa. Akasema hahitaji mume anayependwa na kila mtu. Anahitaji mume anayejulikana alipo. Nikaapa: sitasema tena ndiyo mbili kwa jambo moja. Akanishika mkono. Nikalia kidogo. Mama wa vitambaa naye akalia, huku anatazama saa.

Mimi ni mtu mpya.

Alhamisi, 14 Machi

Mchumba amesema anataka harusi ndogo. Ndugu wa karibu, marafiki wachache, muziki wa chini. Akaniuliza naonaje. Nikatazama macho yake yale. Nikasema ndiyo, ndogo kabisa.

Mchana mama yangu mzazi amepiga simu. Ameshaalika ukoo wote, kwaya yake, na kila aliyewahi kununua maandazi kwake. Amesema amesubiri siku hii tangu nizaliwe. Alikuwa analia kwa furaha. Ningesemaje? Nikasema ndiyo, Mama, kubwa kabisa.

Hakuna shida. Nimepata ukumbi wenye vyumba viwili, kimoja kidogo, kimoja kikubwa, na katikati kuna mlango. Harusi ndogo huku, harusi kubwa kule, siku moja, saa moja. Bwana harusi nitakuwa napita mlangoni. Nimepima kwa hatua na nikikimbia inawezekana kabisa.

Kesho naanza mazoezi.