Duma Anapiga Chafya

Jumatatu, 4 Machi

Leo Duma, gari langu, amepiga chafya hadharani. Nilikuwa natoka kwenye taa za barabarani, nimekanyaga mafuta kidogo tu, kumwonyesha shemeji yangu tofauti kati ya gari na kile kigari chake cha kubebea makopo ya rangi. Paf! Kabureta, pale hewa na petroli zinapochanganyikia, ikatema moto. Duma akasita, akajikokota, akazimika. Shemeji akanipita taratibu, dirisha wazi, akanipungia mkono. Mkono wa pole! Chakula cha jioni hakikupita.

Mke wangu ametoa hukumu. Jumamosi mama yake ana miadi kwenye kliniki ya macho, kule juu kabisa kilimani. Duma akimfikisha, anabaki. Akizimika njiani, anauzwa, na mnunuzi keshapatikana. Nikauliza ni nani huyo. Kaka yake! Eti atamchora tangazo la duka lake la rangi, ubavu mpaka ubavu. Duma wangu, milango miwili, mwekundu, injini kubwa kuliko zote mtaani. Nitakufa.

Jumanne, 5 Machi

Nimefungua plagi za injini. Zote nyeupe, hazina hata doa la masizi. Nyeupe maana yake safi, na safi maana yake injini nzima. Kosa basi ni la petroli.

Nikavuka mji mzima kutafuta kituo kingine. Chafya kwenda, chafya kurudi. Nimemkuta mteja wa suruali amekaa kwenye ngazi ya kibanda changu, amenuna. Nikamwambia cherehani ilikuwa na hitilafu. Akasema ameliona gari langu likisukumwa.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata dawa! Nikivuta choki, ile ya kuwashia gari asubuhi ya baridi, Duma anakimbia bila kukohoa. Kwa hiyo nimeivuta na kuifunga kwenye kiti kwa lastiki ya kiunoni, ile pana. Nani mwingine angewaza hivyo?

Baadaye: mwendo ukipanda, Duma anatoa moshi mweusi na kuvuta miguu. Kwenye kona lastiki ikakatika, ikanichapa sikio. Nimewaambia watu wa nyumbani ni nyuki.

Alhamisi, 7 Machi

Nimebadilisha jeti, vile vipande vya shaba vinavyopitishia petroli. Nimeweka vyenye matundu makubwa. Akiwa amesimama, bado anatetemeka, mara anapanda, mara anashuka, halafu paf.

Mke wangu anasema kaka yake alipita nilipokuwa ndani, akapima milango ya Duma. Kwa utepe wangu! Niliutafuta saa nzima. Huyu mtu hana haya hata chembe.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji amekuja bila kualikwa. Amesema hakuja kwa ajili yangu, ila atakayepanda kesho ni mama yake. Akaniagiza niwashe. Akafunika mdomo wa kabureta kwa kiganja, si wote, nusu tu. Duma akatulia tuli! Akasema gari linakula hewa nyingi kuliko petroli, na hewa hiyo inaingia kwa mlango wa uani.

Kisha akachukua chupa yangu ya kunyunyizia maji wakati wa kupiga pasi, akanyunyiza pembeni, chini ya kabureta, pale inapokaa juu ya injini. Sauti ikabadilika papo hapo. Akauliza gasketi ya hapo, ile ya kuziba mwanya hewa isipite, aliikata nani.

Nikajikaza kisabuni. Nikasema ni mimi, mwezi uliopita, nilipoweka kabureta hii kubwa. Nilitumia karatasi ngumu ninayochorea vipimo vya nguo, na kama vazi lolote la heshima, niliongeza nafasi pembeni ya kila tundu. Injini nayo ipumue.

Shemeji akakaa chini. Akacheka mpaka akashika mbavu. Akampigia dada yake simu, naye yuko jikoni, hatua chache tu. Kisha akampigia mama. Nilimsikia mama mkwe akicheka kutoka kwenye simu, na mimi sina pa kujificha.

Akaleta gasketi ya dukani, tukarudisha na jeti za zamani. Duma ananguruma vizuri. Nilitoka kumsikiliza mara kadhaa, na kwa kweli nilifurahi sana.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu amenitabasamia, mara ya kwanza wiki hii. Lakini shemeji amekwishatangaza mtaa mzima kwamba aliyemponya Duma ni yeye. Tukipanda kilima leo, sifa ni zake! Haiwezekani. Ushindi lazima uwe na mkono wangu.

Nimefungua kabureta kidogo tu, niilegeze mahali fulani ipumue zaidi. Skrubu moja imeniponyoka, ikadumbukia ndani ya injini. Ndogo. Nimemtikisa Duma, nimesikiliza, kimya. Kimya ni dalili njema. Injini kubwa hivi haiwezi hata kuiona.

Naandika nikiwa kwenye usukani. Mama mkwe ameshaketi, mkoba mapajani, ananiambia, mkwe wangu, tutachelewa. Shemeji amesimama kando, ameshika kopo la rangi na brashi. Anaringa nini? Atashangaa.

Nawasha.