Foleni ya Vyombo Uani Kwetu

Jumatatu, 5 Mei

Nimekwisha. Profesa aliniita ofisini asubuhi, wala hakunikaribisha kiti. Alisema wenzangu nilioanza nao utafiti wa utamaduni sasa wanasimamia wanafunzi wao, na mimi bado niko ukurasa wa shukrani. Kweli tupu. Lakini ni shukrani nzuri sana! Akasema Jumamosi jopo linakaa. Nilete utafiti wa watu hai, niliowaona kwa macho yangu, pamoja na vitu wanavyovitumia. La sivyo jina langu linafutwa na nafasi yangu anapewa mwingine. Wanasema akufukuzaye hakwambii toka. Huyu kaniambia, tena kwa sauti ya upole.

Miwani alikuwepo. Miwani nilisoma naye darasa moja. Yeye anachunguza harakati za kijamii: migomo, maandamano, watu waliochoka. Kila anakokwenda watu wanagoma. Bahati ya mtu! Alinipiga begani akasema utamaduni uko kila mahali, nifungue macho tu. Nilimchukia papo hapo.

Nikarudi nyumbani, yaani kwa dada. Dada ni dobi. Anafua mashuka ya nyumba ya wageni iliyo mtaa wa pili, na mashuka hayo ndiyo yanayotulisha mimi, yeye na shemeji. Shemeji ni mlinzi wa usiku, mshahara wake huja unapojisikia. Dada aliniona uso umenishuka. Akanipakulia chakula, akasema nisijali, mitihani huwa inapita. Haukuwa mtihani. Sikumsahihisha.

Jumanne, 6 Mei

Nimegundua jamii isiyojulikana! Iko uani kwetu.

Tunakaa nyumba ya wapangaji wengi, vyumba vimeuzunguka ua, bomba moja katikati. Maji hutoka siku yanapotaka. Jioni habari zikivuma kwamba kesho yanatoka, kila mpangaji anaweka kitu chake kwenye mstari kuelekea bombani, kisha anaingia ndani kulala. Ndoo iliyotoboka. Tofali. Kandambili moja. Kifuniko cha sufuria cha dada. Alfajiri kila mtu anakwenda kusimama pale kilipo kitu chake, na hakuna ugomvi. Na mimi miaka yote hii nilikuwa navirukaruka nikienda chooni! Mcheza kwao hutunzwa.

Ni wazi kwamba vitu vile si vitu. Ni roho za wapangaji zilizosimama nje zikikesha. Nimeandika hivyo na kupiga mstari chini yake.

Mchana nilijibanza nyuma ya nguo zilizoanikwa ili nichunguze bila kuharibu hali halisi. Mama Jiwe alinikuta. Huyu ndiye mkubwa wa uani. Wanamwita hivyo kwa sababu kitu chake foleni ni jiwe jeusi, na hakuna aliyewahi kuthubutu kulisogeza. Aliniuliza, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, nimepotelewa na nini kwenye nguo za ndani za watu. Nilimjibu kwamba nafanya kazi ya sayansi. Akasema hata marehemu mumewe alikuwa akijitetea hivyohivyo.

Wanawake wote wameanua nguo zao zikiwa mbichi. Dada ameona aibu. Shingo ilimwinama.

Jumatano, 7 Mei

Siku ya mahojiano. Nilianza na shemeji, ikabidi nimwamshe. Nilimuuliza kile kifuniko kinamwakilisha nani. Akasema kinamwakilisha mke wake, ambaye angependa kulala kama watu wengine. Nikamuuliza kwa nini kifuniko na siyo sufuria yenyewe. Akasema kwa sababu sufuria ina chakula, tena chakula ninachokila mimi. Akajifunika gubigubi. Nimeandika: mhojiwa amekataa kufichua siri za ndani.

Dada naye yaleyale. Anaweka kifuniko ili awahi maji, basi. Mashuka ya wageni hayasubiri. Wale wenye nyumba ya wageni wakikosa mashuka siku moja tu watampa dobi mwingine, na wapo tele, kila wiki wanapita kuulizia. Nilimweleza taratibu kwamba wenye utamaduni mara nyingi ndio wasiojua maana yake. Alinitazama sana. Akasema, "Haya, mdogo wangu," akaendelea kupiga pasi.

Tatizo ni moja. Maelezo ninayo, vitu sina. Na Profesa alisema vitu! Miwani nimemkuta maktaba, ana sanduku zima la mabango ya mgomo, mengine yamekanyagwa na askari. Yanapendeza sana yale. Nikarudi mbio nikamwomba Mama Jiwe aniazime jiwe lake kwa siku chache. Akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Akasema nikaokote la kwangu, Mungu ameumba mengi. Nikamwambia jiwe lolote si jiwe. Akamwita dada aje anichukue.

Alhamisi, 8 Mei

Habari zimevuma: kesho maji! Bomba lilikuwa kavu tangu juzi, kwa hiyo uani palifurika. Kila mwenye chumba alileta kitu chake. Mstari mrefu vile haujawahi kuonekana. Nilisimama mlangoni nikautazama, machozi yakanilengalenga. Maonyesho kamili, yamejipanga yenyewe!

Wapangaji walipoingia kula na kufunga milango kwa sababu ya mbu, nilipita na gunia. Kandambili, tofali, ndoo, kifuniko, vyote. Jiwe lilinivunja mgongo. Nasisitiza kwamba huu si wizi. Mahali pa kila kitu niliacha kikaratasi chenye maelezo, kwa mwandiko wangu mzuri: "Kandambili ya mguu wa kushoto. Imechukuliwa kwa heshima." Mwenye macho atasoma, atasimama palepale, maji yatakingwa, na sayansi itasonga mbele. Nani ameumia hapo?

Gunia liko nyuma ya kochi ninalolalia. Joto la leo limepungua, upepo umeanza kuvuma vizuri.

Ijumaa, 9 Mei

Upepo umechukua vikaratasi vyote. Kimoja nimekiona juu ya paa.

Maji yalitoka alfajiri. Watu walitoka na ndoo, wakakuta sakafu tupu. Kwanza walipapasa chini gizani. Halafu kila mmoja akakumbuka kwamba yeye ndiye alikuwa wa kwanza. Sijawahi kuona watu wa kwanza wengi vile! Mama Jiwe alisema jiwe lake lilikuwa mbele. Mwenye tofali akasema jiwe liko wapi, alionyeshe. Ndoo zikapigwa vichwani. Mtu aling'atwa. Bomba lilikuwa wazi muda wote huo, maji yanamwagika chini, na hakuna aliyekubali mwenzake akinge. Wakiwa bado wanavutana, yakakatika. Hakuna aliyepata hata ya kunawa uso.

Mashuka ya wageni yalikuwa rundo mlangoni kwetu, hayajaguswa na maji. Mchana msimamizi wa ile nyumba akaja kuyachukua, akayakuta vilevile. Akayabeba na uchafu wake. Alisema anasikitika, lakini wageni wanalala leo, hawalali wiki ijayo. Dada akasema anaelewa. Kisha akakaa juu ya beseni alilolipindua, mikono mapajani. Sijawahi kuiona mikono ya dada ikiwa mikavu mchana.

Nilitaka kumwambia. Mdomo nilishaufungua kabisa. Mara kelele zikaanza nje, nikatoka kuangalia.

Harakati! Wapangaji wameamua kwamba mwizi ni mwenye nyumba, amefanya hivyo ili wagombane, wahame, apandishe kodi. Wakaunda kamati. Wakatafuta katibu anayejua kuandika, na Mama Jiwe mwenyewe akanipendekeza mimi! Alisema ya nguo za ndani yamekwisha, sisi sote ni ndugu. Niliandika mabango yote: RUDISHA VYOMBO VYETU. Tuliandamana hadi kwa mwenye nyumba. Nilipiga kelele kuliko wote. Alitoka na taulo kiunoni na povu usoni, akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba hajui kitu. Nilimwonea huruma sana. Lakini mtafiti haingilii mambo ya watu anaowachunguza.

Na nani anatokea na kalamu mkononi? Miwani! Amenusa. Akaanza kuwahoji mmoja mmoja. Nilimwambia hawa ni wangu, aende akatafute wake. Akacheka tu.

Jumamosi, 10 Mei

Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza.

Nilianza vizuri. Niliwahi chuoni na gunia langu, nikatandika kitambaa mezani, nikapanga vitu, jiwe katikati. Nilieleza habari za roho zinazokesha. Mzee mmoja wa jopo aliamka usingizini. Profesa alikishika kifuniko, akakigeuzageuza, akasema, nilisikia kwa masikio yangu, "Hatimaye." Mgema akisifiwa! Nikanogewa. Nikasema hata vita vilivyozuka baada ya vitu kuondolewa vinathibitisha nadharia yangu. Profesa akauliza viliondolewa na nani. Nikanywa maji, polepole, mpaka bilauri ikaisha.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya Miwani. Yeye hakuleta mabango. Alifungua mlango, akawakaribisha watu wenyewe wa harakati, waje watoe ushahidi mbele ya jopo. Mama Jiwe mbele. Kamati nzima nyuma yake. Na wa mwisho kabisa dada, amevaa gauni lake zuri, amejipaka mafuta. Hakuja kwa ajili ya harakati. Alisikia kwamba mdogo wake yumo humo ndani, akataka aje aone nikifaulu.

Waliona meza.

Mama Jiwe alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe lake, akalikumbatia kifuani. Akaniambia, "We katibu." Basi, hakuongeza neno. Wenzake waliongeza. Mwenye kandambili alinielekezea kandambili yenyewe. Profesa aliuliza kama niliwaomba wenye vitu. Nilisema nililiomba jiwe, nikakataliwa, ndiyo maana vingine sikuomba. Nikasema pia niliacha vikaratasi. Hakuna aliyecheka.

Dada alichukua kifuniko chake, akakifuta kwa upindo wa lile gauni, akatoka nje. Angenipiga kofi mbele ya jopo zima ningeshukuru.

Jumapili, 11 Mei

Jina langu limefutwa. Nafasi yangu kapewa mwanafunzi wa Miwani. Miwani mwenyewe alikuja asubuhi kuniomba mahojiano, maana nimo kwenye utafiti wake kama chanzo cha harakati. Alinipiga picha ya ubavuni. Nilijitahidi kusimama wima.

Mchana kamati ilikaa, bila katibu. Nilisikiliza dirishani. Wengi walitaka niondoke leo leo, nisilale hapa. Dada akasimama. Alisema mimi ni mdogo wake, mama yetu alimwachia yeye, na hana pa kunipeleka. Akasema kama kuna adhabu wampe yeye. Sikujua kwamba mtu anaweza kusema hivyo bila kupandisha sauti. Wakanong'onezana. Uamuzi: nitabaki, lakini kifuniko cha dada kitakuwa cha mwisho foleni, siku zote. Akakubali, akawashukuru.

Sote tunajua maana yake. Wa mwisho anapata matone, maji yakiwa na huruma. Na dobi asiye na maji anafua kwa kitu gani? Kwa mate?

Shemeji aliniita nje kabla ya kwenda lindoni. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema kuna bomba lingine kule mlimani, halikatiki, ila ni mbali na njia inateleza. Mwanamume mwenye mabega anaweza kuteremsha maji kila asubuhi. Dada akiwa na maji atakwenda kuwaomba wale wa nyumba ya wageni wamrudishe. Akasema dada yangu hahitaji maneno yangu, anahitaji mgongo wangu. Nililia. Nimeharibu maisha ya mtu pekee duniani anayenipakulia chakula. Nimeapa kwamba kesho alfajiri nitabeba maji.

Jumatatu, 12 Mei

Nimeamka na wazo!

Dada hajasema nami neno tangu juzi. Ananiwekea chakula bila kunitazama. Hafungi mlango kwa kishindo, anaurudisha polepole kama kuna mgonjwa ndani. Huzuni ya nyumbani, ya mtu wa kawaida, tangu inapoanza! Hakuna mtaalamu aliyewahi kuichunguza kwa karibu hivi, wala Miwani hawezi kuniingilia, dada ni mmoja tu na ni wangu. Profesa akiisoma hii atanirudisha chuoni mwenyewe.

Kazi nimeianza leo. Alfajiri dada alibeba ndoo na dumu, akashika njia ya mlimani peke yake. Nilimfuata kwa nyuma, mbali kidogo, nikiandika. Kupanda alipanda vizuri. Kurudi, ndoo kichwani na dumu mkononi, alipumzika mara nyingi, kila akipumzika anajishika kiuno. Kwenye utelezi dumu lilimponyoka, likabingirika, maji yote yakaenda. Akaitua ndoo. Akaketi kando ya njia, akajifunika macho kwa mkono, akalia bila sauti.

Nilisogea nione vizuri. Akainua uso, akaniona. Akajifuta macho, kisha akasema, "Mdogo wangu, njoo unisaidie hii ndoo."

Nikamwambia aendelee tu, afanye kama sipo.