Usukani wa Lady Maud

Ijumaa, 7 Juni
Goti la baba mkwe, Mzee Tunnicliffe, limegoma kabisa. Jana mezani alitangaza kwamba Jumapili atamkabidhi mtu usukani wa Lady Maud, boti yake ya miaka thelathini. Atampa yule atakayeona anafaa kwenye safari ya kesho. Nusura nilie. Boti ile naipenda kuliko nyumba yangu. Nyembamba, ndefu, ya kijani, na inakwenda polepole hata bata wanaipita. Nikishika usukani wake nasahau kwamba nina bosi na miaka hamsini na miwili.

Mpinzani ni mmoja: Desmond, mume wa dada yake mke wangu. Ana kofia ya nahodha. Kajinunulia mwenyewe!

Jumamosi, 8 Juni, asubuhi
Ukungu juu ya mfereji tunaosafiria. Miti ya mierebi imeinama mpaka majini. Zamu ya kwanza yangu. Raha tupu! Maji yananong'ona ubavuni, mama mkwe anakaanga bekoni ndani, harufu inanijia taratibu. Nikafumba macho kidogo tu. Tukaingia kwenye matete. Desmond akauliza kama nimesimama kununua mboga. Wakacheka wote, hata mke wangu Gwenda, ambaye tangu alfajiri yuko nchi kavu akitufungulia malango ya maji, yale yanayozuia maji ya mfereji na kuipandisha au kuishusha boti.

Zamu ya Desmond ni baada ya chakula cha mchana. Nina mpango.

Jumamosi, jioni
Mpango ulikuwa mzuri. Naomba hilo lieleweke.

Tulitia nanga kwa chakula cha mchana kati ya malango mawili, kwenye kipande kifupi cha mfereji. Nikaaga kwamba naenda kunyoosha miguu. Kwenye lango la chini nikachukua chuma changu cha kufungulia, nikapandisha vilango vyote vidogo vya kupitishia maji, vya mbele na vya nyuma, nusu tu, maji yapungue. Desmond akiondoka tu, anakwama kwenye tope mbele ya mzee. Dakika kumi, halafu nafunga.

Nikakaa kwenye nyasi. Jua. Nyuki. Maji yakitiririka kama mtu anayesimulia jambo refu. Nikaota Lady Maud inapita juu ya mawingu, na Desmond anatufungulia malango huku akiniita kapteni. Ndoto tamu mno. Nikazinduliwa na makelele.

Saa nzima imepita! Mfereji mtupu. Lady Maud imelalia ubavu kwenye tope, na keki ya krimu ya mama mkwe iko mapajani mwa mzee. Boti nyingine nne hali ileile, wenyewe wakiuliza ni mpumbavu gani aliyeacha vilango wazi. Nikasema bila shaka ni watoto.

"Watoto nao wanatembea na chuma cha kufungulia, Barnaby?" mzee akauliza, akikitazama changu, nilichokichomeka kwenye mkanda.

Gwenda akaenda kufunga vilango vya chini, akateremsha maji kutoka lango la juu. Ilichukua saa tatu boti kuelea tena. Nimeona aibu mpaka masikio yanawaka.

Jumapili, 9 Juni
Uamuzi umetoka wakati wa chai. Desmond alishavaa kofia. Usukani kapewa Gwenda! Mzee kasema kazi yote aliifanya yeye, sisi wakwe wawili tulikuwa mizigo. Desmond akatoka nje, akasimama peke yake akitazama maji. Kwa mara ya kwanza nikampenda.

Gwenda akanishika bega. "Usinune, mume wangu. Na wewe nimekupa kazi: utakuwa unamwaga choo."

Jumatatu, 10 Juni
Nimelitafakari kazini siku nzima, dirishani, mawingu yakipita. Desmond hana cheo chochote. Mimi ninacho! Tangi la choo hujaa siku ya tatu, na ufunguo wa kituo cha kumwagia ninao mimi. Ukipotea kidogo, saa moja hivi, watanipigia magoti wote, nahodha akiwemo, na usukani watanipa wenyewe.