Bi Mkubwa na Kigari cha Shemeji

Jumatano, 4 Juni

Binti yangu wa pekee anaolewa Jumamosi. Shemeji, kaka wa mke wangu, amejitolea kumpeleka ukumbini kwa kigari chake kipya. Kigari! Ukikaa, magoti yanagusa kidevu. Mimi nina Bi Mkubwa, gari la marehemu baba: viti vya ngozi, honi ya kuamsha mtaa. Shemeji kanitambia kwamba lake linawaka kwa kubonyeza kitufe. Nikamjibu hata kengele ya mlango inabonyezwa. Mke wangu katuchoka. Kaamua kesho magari yote mawili yapande kilima cha ukumbini. Litakalofika ukumbini ndilo la bibi harusi.

Lazima nimpeleke mimi. Siku aliyozaliwa nilimleta nyumbani ndani ya Bi Mkubwa.

Alhamisi, 5 Juni

Shemeji kaja, kaweka ufunguo mezani, kidude cheusi kisicho hata na meno, kaenda kunawa. Nikakitia mfukoni. Kwisha habari yake!

Bi Mkubwa akagoma. Akakohoa, akatoa moshi, kimya. Nikambembeleza, nikamtukana, wapi! Shemeji naye anajipapasa mifuko, haoni kitu. Ngoma droo.

Mke wangu akasema labda ufunguo umeangukia garini, tuingie tu. Nikakaa nyuma na binti, nikisubiri mtu aaibike. Shemeji akabonyeza. Kikawaka! Akaeleza kwa maringo kwamba ufunguo ukiwa ndani, hata mfukoni mwa mtu, kinawaka. Jasho likanitoka.

Ukumbini nikashuka, injini bado inanguruma. Kigari kikapiga kelele. Nikarudi ndani, kikanyamaza. Nikashuka tena, kelele! Binti yangu akaninyooshea kiganja nimpe ufunguo. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekataa katakata kupanda kigari. Nimefika na Bi Mkubwa keki imeshakatwa, nikisukumwa na wapishi. Binti katoka kunipokea, machozi yakimlenga. Kasema hakujali gari gani. Alitaka tu baba yake akae naye kiti cha nyuma.

Nimelia mbele ya wapishi.

Jumapili, 8 Juni

Sijalala, nimewaza maneno yake. Sasa nimeelewa kosa langu lote: sikuwa na dereva! Nimempata mmoja. Maharusi wako fungate, hoteli ya ng'ambo ya mlima. Kesho tunawafuata na Bi Mkubwa, nikae na binti yangu nyuma. Mkwe atasukuma.