Marufuku Kuuliza Njia

Ikumbukwe na vizazi vyote kwamba ni Bwana Dionis, Kaimu Mratibu wa Kitengo cha Ramani za Uokoaji, aliyewakomboa wananchi wa Kibondo na Kasulu kutoka katika janga la kuuliza njia. Alilitangaza hilo mwenyewe, kwa kipaza sauti, ingawa watu ukumbini hawakujaza hata mabenchi mawili.

"Kuanzia leo," alisema, "dereva wa gari la wagonjwa haruhusiwi kuuliza njia wala kuelekezwa. Atasoma ramani."

Sababu zilikuwa za kitaalamu. Katika nchi ya Waha huwezi kumuuliza mtu njia kabla hujamsalimia, na salamu ya Kiha si ya kurushwa dirishani. Unashuka, unachuchumaa, unapiga makofi, unamwamkia mwakeye, anaitikia, wa nyumbani je, ng'ombe je, maharage yameshika? Mpaka mfike kwenye njia yenyewe, mgonjwa ama amepona ama amezikwa. Kwa hiyo Kitengo kikafuta salamu kwa mtumishi yeyote aliye katika uokoaji. Mtu mzima na akili zake angepinga nini hapo?

Ili kukata mzizi wa fitina, yakaandaliwa mazoezi ya uokoaji kijijini Kagerankanda mbele ya mgeni rasmi. Bwana Dionis alikuwa amekaimu mpaka ukaimu ukamchosha, na siku hiyo, mambo yakienda sawa, angethibitishwa kazini. Roho yake yote ilikuwa hapo. Hakumwamini mtu mwingine kuwa mgonjwa wa mazoezi. Alijilaza mwenyewe katika shamba la mihogo la mama Vestina, bandeji kichwani, nyanya ya kopo kifuani badala ya damu.

"Mgonjwa haruhusiwi kusogea mpaka ramani imfikie," akasisitiza, kisha akalala chali kwa heshima zote.

Alilala juu ya njia ya siafu.

Wa kwanza walimpanda kifundoni. Bwana Dionis akavumilia, maana cheo hakiji bure. Walipofika gotini akaguna. Walipovuka mpaka wa mapaja akapiga yowe lililowarusha kunguru. Mgeni rasmi, aliyekaa chini ya turubai pale karibu, akapiga makofi.

"Yoo, baba huyu anajua kuumwa," mama Vestina akamwambia jirani yake.

Gari la wagonjwa likatokea, likapita. Dereva, Ndayikeza, alikuwa ameitandaza ramani kubwa kama shuka juu ya usukani, na msaidizi wake, Bi Loyce, ameshika ncha ya pili, hivyo barabara walikuwa hawaioni. Wakarudi, wakapita tena. Mama Vestina akanyoosha mkono awaonyeshe mtu wao alipo. Bi Loyce akageuza uso haraka, kwa kuwa kuelekezwa ni kosa la kinidhamu.

Siafu wakashinda. Bwana Dionis akaruka, akavua suruali, akakimbilia barabarani na kusimama mbele ya gari.

"Ndayikeza, ni mimi hapa. Nipeleke hospitali."

Ndayikeza akashuka na ramani yake. Akaitazama, akamtazama bosi, akairudia ramani.

"Mkuu, samahani sana. Hapa uliposimama ni katikati ya bwawa."

Bwana Dionis akachungulia. Kweli, bwawa lilikuwepo, la buluu safi. Kamati ya Kitengo ilipomaliza kuchora ramani, wino wa buluu ulibaki mwingi, na ni yeye aliyeagiza waongeze mabwawa ili Kitengo kisionekane kiliagiza wino bila mpango.

"Hapa hakuna bwawa," akanong'ona.

"Kwa hiyo ramani ina makosa, mkuu?"

Mgeni rasmi alikuwa amesogea, ametega sikio. Hapo ndipo penye kazi. Akikubali kosa, kwaheri cheo. Bwana Dionis akajinyoosha, akashika bandeji isidondoke.

"Ramani ni sahihi," akasema.

"Basi mgonjwa amezama," mgeni rasmi akahitimisha kwa huzuni ya kikazi, akaomba wote wasimame kimya.

Bwana Dionis naye akasimama, kichwa chini, na chupi yake mbele za watu, na machozi yakamtoka kweli. Kisha ikafuata hotuba. Marehemu, alisema mgeni rasmi, aliiamini ramani yake kuliko uhai wake, na kwa sababu hiyo anathibitishwa rasmi katika cheo kuanzia jana. Kuanzia leo nafasi hiyo itakaimiwa na Bi Loyce.

Watu wakapiga makofi. Mama Vestina akamfunga Bwana Dionis kanga kiunoni, akampa pole ya msiba.

Magari yakaanza kuondoka. Miguu ya Bwana Dionis ilikuwa imevimba kama mihogo ya miaka miwili. Akaushika mlango wa gari la wagonjwa.

"Ndayikeza, mwanangu, nifikishe tu Kasulu."

Ndayikeza alimpenda bosi wake, na jambo hili lilimuuma. Akautoa ule mkono mlangoni, kidole kimoja kimoja, taratibu.

"Mkuu, utaratibu unaujua," akasema. "Gari la wagonjwa halibebi marehemu."