Kibiriti cha Mwape

Jumatatu, tarehe 5 Machi 1979
Munganga Alphonse, anayetibu bafanyakazi, ametangaza kiwandani: kila muntu aliyepita miaka hamsini alete kipande kidogo cha choo chake ndani ya kisanduku cha kibiriti. Anatafuta damu isiyoonekana kwa macho. Iko ugonjwa, alisema, unaokaa kimya ndani ya utumbo. Ukishikwa mapema, unakatwa. Ukichelewa, ni sanduku lingine. Bantu balicheka. Nilicheka kuliko bote. Damu yangu inaonekana kwa macho, tangu Noeli! Lakini mugonjwa anaondolewa kazini, na nyumba ya kambi ya bafanyakazi inarudi kwa kampuni. Mimi Chomba, niliyevuka mpaka wa inchi pale Sakania hadi Ndola, nishindwe na kibiriti?

Jumanne, tarehe 6
Akili! Nimeenda mtaa wa Katuba kwa rafiki yangu Mwape, mushonaji. Muntu wa nguvu, anamaliza bukari, ugali wetu, ya bantu batatu. Nimemuomba anijazie kibiriti. Alicheka mpaka sindano ikavunjika. Yaya, kaka yangu, akasema, bengine banaomba chumvi! Akajaza.

Jumatano, tarehe 14
Alphonse ameniita pembeni. Iko damu. Nikapiga kelele: haiwezekani! Halafu nikakumbuka kibiriti.
Si damu yangu. Ni ya Mwape.
Sikula. Nkandu, muke wangu, ameuliza nani amekufa.

Ijumaa, tarehe 16
Nimemuambia Mwape. Aliendelea kukanyaga cherehani, bila kitambaa chini ya sindano. Hospitali ya kampuni ni ya bafanyakazi tu. Basi nimempa karatasi yangu ya kazi. Picha imefifia, yamebaki masikio. Alphonse yuko kiwandani. Kule hospitali habanijui. Nimechukua likizo. Aingie, aitwe Chomba.

Jumanne, tarehe 27
Bamemupasua. Docteur anasema uvimbe ulikuwa mudogo, haujatembea mwilini. Mwape atapona! Nililia barazani kama mutoto. Nimeokoa muntu, na siwezi kujisifu hata kwa jirani. Adhabu gani hii?

Jumapili, tarehe 22 Aprili
Mwape amekuja, anatembea polepole, kibiriti kitupu mukononi. Ameniapisha mbele ya Nkandu: Yaya, kesho peleka chako, sema yote. Nyumba ikienda, mutalala kwangu, kati ya vitambaa. Nkandu alilia. Nimeapa.
Alipoondoka nimesoma tena barua ambayo hospitali ilimupa Mwape kwa jina langu: Chomba amepasuliwa, amepona, arudi kazini. Mihuri miwili! Munganga gani atanisumbua tena? Leo asubuhi damu ilikuwa nyingi kuliko jana. Lakini karatasi ni karatasi.
Kibiriti nimempa Nkandu, aweke pini zake.