Mwiko Ulionyooka, Karai Lililopinda

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimedharauliwa. Tena kazini, tena mbele ya gunia la vitunguu.

Mpishi Mkuu ametangaza kwamba mwisho wa mwezi anaacha kazi. Magoti yamemchosha, anakwenda kuishi kwa binti yake. Sawa, apumzike mama wa watu. Lakini karai kubwa anamwachia nani? Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Katika kantini yetu ya kiwanda cha magodoro, karai kubwa ni kiti cha enzi. Anayelisimamia hamenyi viazi wala hasugui sufuria. Wafanyakazi wote wanamwamkia kwa adabu, maana mkono wake ndio unaoamua nani apate vipande vya nyama na nani aambulie karoti. Mimi niko jikoni mle tangu meza zikiwa za mbao. Nilikuwa nimeshaanza kunyoosha aproni nipokee hongera. Kumbe! Mama huyo akasema Ijumaa tutapikishwa watu wawili, achague. Mimi na Shemeji.

Shemeji! Mdogo wake mke wangu. Niliyemleta mwenyewe, nikamwombea kazi kwa mdomo wangu huu, nikamwonyesha hata choo kiko wapi. Fadhila za punda ni mateke.

Nimemweleza mke wangu. Akasema sote ni watu wake, atamwombea kila mmoja. Hiyo ni dua au ni kura ya siri?

Nimetafakari. Kwa nini watu wanasifia chakula cha Shemeji? Ana mwiko wake mwenyewe wa chuma na upawa wake mwenyewe, amevitundika msumarini, haviguswi. Mwiko wake ni mwiko kwa wengine. Mimi natumia chochote ninachokikuta kwenye beseni. Basi amenizidi vyombo, si ufundi. Kesho dukani.

Jumanne, 4 Machi

Muuza vyombo ni mwanamke mwenye maswali mengi kuliko karani wa mahakama. Nilimwomba mwiko na upawa wa karai, nikatoa mkono. Badala ya kunipa, akauliza karai lina kitako bapa au cha mviringo. Nikasema cha mviringo, kwani inahusu nini? Akanitolea mwiko wenye ncha iliyopinda kama kucha, mwembamba, mpini mrefu, mwishoni umevishwa mti. Kisha upawa mpana, mfupi wa tumbo, shingo imeinama kidogo. Akasema karai la mviringo linataka mwiko wa mviringo. Akasema chuma bila mti kitanichoma. Akasema upawa wa karai hauwi na tumbo refu, kwa sababu kazi yake ni kuteka mafuta na mchuzi kidogo kidogo na kupokea chakula mwiko unapokigeuza.

Nikamsikiliza kwa heshima. Moyoni nikawa nacheka. Mwiko uliopinda! Ataniuzia na kiatu kilichochanika aseme ni cha kupitishia hewa?

Nikachagua mwenyewe. Mwiko mpana, ncha imenyooka kama rula, chuma kitupu kuanzia juu mpaka chini, unang'aa mpaka nikaiona pua yangu. Na upawa mrefu wa tumbo kuliko yote dukani. Ukichota, umechota. Yule mama akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia mtu mzima hachaguliwi mwiko.

Nyumbani nimevitundika sebuleni wavione. Mke wangu akauliza kama ule upawa ni wa kuogea.

Jumatano, 5 Machi

Karai dogo ninalopikia kantini ni bovu! Limepinda! Nimelipikia siku zote hizi sikuwahi kuona jinsi lilivyopinda, mpaka nilipoingiza mwiko ulionyooka. Ncha mbili za pembeni zinagusa chuma, katikati hewa tupu. Kama ubao juu ya mtaro. Ninasukuma kabichi huku, nyingine inapita chini ya daraja na kurudi ilikotoka. Iliyobaki chini ikaungua. Nikakwangua. Ikaungua zaidi.

Upawa nao ukaleta jeuri. Nilipotaka kijimchuzi kidogo, ukameza nusu ya sufuria. Nilipotaka kuupitisha chini ya nyama, tumbo likakwama. Mpishi Mkuu akapita akichechemea, akautazama, akasema huo ni upawa wa uji. Watu wakacheka. Wanacheka chombo cha mtu!

Kisha mpini ukapata moto. Sikuuachia. Mwanaume haachii mwiko mbele ya shemeji yake. Nikauachia baadaye kidogo, pamoja na kelele ambayo sitaiandika hapa.

Na nani akaja mbio na beseni la maji? Yeye. Akaukamata mkono wangu kama wa mtoto, akauzamisha, akaniambia niutulize humo humo. Halafu akanipa mwiko wake, ule wenye mpini wa mti, nimalizie. Mbele za watu! Alitaka jiko zima lione kwamba chake hakichomi. Nikaukataa. Nikamalizia kwa kijiko cha chai.

Nimemtazama anavyopika. Anatumia mkono wa kushoto. Hata mkono wenyewe hakujua kuchagua! Mwiko wake umekwisha ncha kwa kutumika, umelika upande mmoja, na bado unateleza ndani ya karai kama kiganja juu ya shavu. Unapindua chakula, upawa unakidaka, chakula kinarudi. Hakuna kinachoganda. Mtu mwenye haya angejitahidi kidogo kiungue.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamua kufanyia mazoezi nyumbani. Mke wangu alikuwa ametoka, nikalishusha karai lake, lile jeusi lenye ngozi laini ndani, lisilogandisha chakula. Zawadi ya Mama Mkwe. Nikaweka kabichi, nikakamata mwiko wangu, safari hii nimeufunga kitambaa, nikafanya kazi kwa nguvu zote. Krr, krr, krr. Sauti ya ushindi.

Nikapakua. Chakula kilikuwa na vidoa vyeusi. Watoto wakauliza ni nini. Nikawaambia pilipili manga. Mdogo akasema haiwashi. Nikamwambia ni ya watoto.

Mke wangu akarudi, akalitazama karai. Lilikuwa limekwaruzwa kama ukuta uliopigwa makucha na paka. Akawamwagia kuku wa jirani mapishi yangu yote. Kuku wenyewe wakasitasita. Akawapikia watoto upya, kwenye sufuria, bila neno. Ningependa angefoka, mke akifoka mtu unajua pa kujibia. Alipomaliza akakaa na lile karai mapajani.

"Mama aliuza cherehani yake aninunulie vyombo vya ndoa," akasema. "Hili ndilo lililokuwa limebaki."

Nikamweleza kwamba kosa ni la ngozi. Ngozi gani ya karai isiyovumilia chuma, kwani karai linapikiwa kwa manyoya? Akasema chombo cha ngozi hiyo kinataka mwiko wa mti, kila mtu anajua. Kila mtu! Mbona mimi sijui, na mimi ni mpishi?

Amelala ameelekea ukutani. Nimeonewa, lakini sijisikii vizuri. Itakuwa ile pilipili manga.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya haki. Nimefika jikoni kabla ya wote, nikiwa na mpango.

Mpango wenyewe: siri iko kwenye vyombo vya Shemeji. Vyombo vikihama, siri inahama. Nikatungua mwiko na upawa wake, nikavificha chini ya aproni yangu. Msumarini nikatundika vya kwangu, vinang'aa. Sikuiba. Nilibadilisha, tena nikampa vipya kwa vikuukuu.

Mpishi Mkuu akakaa kwenye kiti, akatupa kila mmoja karai lake, kabichi, karoti na nyama ya vipande. Shemeji akanyoosha mkono msumarini. Akasimama. Akautazama ule mwiko wangu, akageuza kichwa, akanitazama na mimi. Nikaanza kuchunguza dari. Yeye akakata kipande cha kitambaa, akafunga mpini.

Nikawasha moto. Nikaingiza mwiko wake kwa mkono wangu wa kulia, na hapo ndipo nilipogundua uhaini. Mwiko umelika kwa mkono wa kushoto! Kona iliyobaki kali inaangalia upande usio wake. Nikisukuma, unapanda ukuta wa karai. Nikivuta, unachimba. Nikahamishia mkono wa kushoto. Mkono wangu wa kushoto haujawahi kupika, kazi yake ni kushika simu. Nikapindua kwa nguvu, upawa ukachelewa kudaka, na nusu ya nyama ikatua mapajani mwa Mpishi Mkuu.

Alikuwa amevaa gauni jipya la kuagia, analijaribu kabla ya mwisho wa mwezi.

Na yule? Alikuwa ameulaza mwiko wangu ubavuni, anatumia kona moja tu. Ule upawa wa uji aliuacha mezani, akachukua bakuli dogo la chai kutia mchuzi, na chakula akawa anakirusha kwa kulitikisa karai lenyewe. Kikatoka kinang'aa. Kwa vyombo vyangu! Basi nani mwenye vyombo vizuri? Hilo hakuna aliyelisema.

Mpishi Mkuu akapangusa gauni lake. Akaitazama miiko yote miwili. Akaniuliza mimi imekuwaje. Kabla sijapata panya wa kumsingizia, Shemeji akaingilia.

"Tulichanganya wakati wa kuosha, Mama," akasema. "Ngoja arudie na vyombo vyake."

Mpishi Mkuu akasema jana jioni, vyombo vikishaoshwa, aliuona mwenyewe mwiko wa Shemeji msumarini. Kisha akasema karai kubwa ni la Shemeji, na kwamba mtu anayemfichia mwenzake aibu anafaa kulisha watu. Kwa hiyo amepewa karai kwa kusema uongo! Ningejua uongo unahesabika, ningeanza mimi.

Jumapili, 9 Machi

Mama Mkwe amekuja. Habari za karai amezisikia, sijui kwa nani. Katika nyumba hii hata kuta zina mdomo. Akaketi, akaniambia mchagua jembe si mkulima. Nikamjibu kwa adabu kwamba sikuchagua jembe, nilichagua mwiko. Akavuta pumzi ndefu.

Mchana akaja Shemeji na furushi. Karai jipya jeusi, lenye ngozi laini na mfuniko wa kioo, na mwiko wa mti juu yake. Akamkabidhi dada yake. Akamwambia ni mimi niliyemtuma alinunue, kwa kuwa mimi niliona aibu kulileta mwenyewe.

Mke wangu akanigeukia. Hajanitazama hivyo siku nyingi. Macho yakamlengalenga, akaniambia ahsante, baba watoto. Akaniwekea kipande kikubwa cha nyama kuliko cha mama yake.

Nikanyamaza nikala. Ningefanya nini? Kumuumbua Shemeji mbele ya mama yake mzazi? Mimi si mtu wa namna hiyo. Lakini nimeudhika. Kama angeniuliza kwanza, nisingechagua lile lenye mfuniko wa kioo.

Jumatatu, 10 Machi

Kazi mpya. Mpishi Mkuu ameagiza nikae kwenye karai kubwa pamoja na Shemeji hadi aondoke, kwa sababu ya mkono wangu ulioungua na kwa sababu, eti, viazi navyo vinastahili amani. Shemeji akaniambia, "Simama kulia kwangu, shem. Mimi mwiko, wewe upawa." Akanipa ule upawa wake mpana, mfupi wa tumbo. Anasukuma kutoka kushoto, mimi ninapokea kutoka kulia. Anageuza, ninadaka, ninarudisha. Nateka mafuta kidogo, nazungushia ukingoni, yanashuka yenyewe. Mara ya kwanza tuligongana. Mara ya pili kidogo tu. Baadaye tukawa tunakwenda kama watu wawili wanaokunja shuka moja.

Hakuna kilichoungua. Wafanyakazi walirudi na sahani kuomba nyongeza. Fundi wa cherehani za magodoro, ambaye hajawahi kusifia kitu, akasema leo chakula kimetulia. Shemeji akasema kazi ni yetu sote wawili. Akanipiga begani.

Nimekaa nimelipima jambo hili bila upendeleo. Mwiko unafanya nini? Unasukuma. Hata ufagio unasukuma. Aliyepokea chakula ni nani? Upawa. Aliyetia mafuta, mchuzi, aliyepakua mbele ya macho ya watu? Upawa, na mwenye upawa ni mimi. Kwa maneno mengine, leo nimelipikia karai kubwa peke yangu, na mtu mwingine akawa ananisogezea kabichi. Nao wanamwita yeye mwenye karai!

Haitapita hivi hivi. Kikwazo ni kimoja tu: upawa niliopewa ni mdogo, watu hawauoni wakiwa kwenye foleni. Jioni nilipita kwa muuza vyombo. Juu ya mlango wake umening'inia upawa wa shaba, mkubwa kama beseni la kuoshea mtoto, na mpini unaofika kifuani. Nikamwambia aushushe. Akasema huo hauuzwi, ni alama ya duka.

Kesho narudi na ngazi.